Hofu ya Mtihani Isizidishwe kwa Matusi

Kila mwaka vijana wa Bukavu hushuka asubuhi na mapema kutoka vilima vya Kadutu, kalamu mkononi, waende kufanya Mtihani wa Serikali, ulioanzishwa nchini Kongo mwaka 1967. Insha ya Kifaransa na mtihani wa kusema hutangulia. Kisha watahiniwa hukaa siku nne mbele ya maswali ya kuchagua jibu. Asiyefikia 50 kwa 100 hana diploma, na asiye na diploma haingii chuo kikuu. Nyuma ya wengi wao yuko mama aliyeuza sambaza sokoni ili fedha za masomo zipatikane. Basi tusistaajabu tukiona mikono inatetemeka.

Tena wako waliobeba hofu nyingine. Mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia mjini, na shule zikafungwa kwa muda. Mtoto aliyelala chini ya kitanda kwa kuogopa risasi hahitaji msimamizi wa kumfokea mlangoni.

Hofu hula nafasi ya akili. Mwenye kufanya hesabu hushika tarakimu kadhaa kichwani kwa mara moja. Akiitwa mjinga mbele ya wenzake, anashika lile tusi, na tarakimu zinamponyoka. Alilolijua jana halijui leo.

Wengine husema upole huzaa udanganyifu. Hatukubali. Msimamizi na atembee kati ya madawati, macho wazi. Akiona karatasi ya wizi, aichukue kama sheria isemavyo. Kofi halimo katika sheria hiyo. Na anayeomba kuelezwa tena agizo aelezwe bila kuchekwa.

Mtakatifu Yosefu wa Kupertino, aliyezaliwa Italia mwaka 1603, alikuwa mzito wa masomo. Yasimuliwa kwamba Askofu aliwauliza wenzake wa kwanza, akaridhika mno, akawapitisha waliobaki bila kuwauliza, Yosefu akiwa mmoja wao. (Hatuwashauri watahini wetu kufanya hivyo!) Ndiye msimamizi wa wanafunzi wenye mitihani, sikukuu yake ni tarehe 18 Septemba.

Nanyi wazazi, usiku wa kuamkia mtihani msiseme, “Ukishindwa usirudi hapa.” Mtoto ale, asali, alale. Siku ya matokeo waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, na mtaa mzima huimba. Aliyekosa hupita njia hiyo hiyo kurudi kwao; akute sahani yake mezani kama siku zote.