Mama Peke Yake Juu ya Kuta za Bahari

Uholanzi baiskeli ni nyingi kuliko watu. Mama wa miaka hamsini akipita peke yake, mifuko miwili ikining'inia nyuma ya baiskeli, hakuna anayegeuka kumtazama. Kwa hiyo mwanamke anayetaka kujaribu safari ndefu bila mwenzi atafanya vema kuanzia huko. Tuitazame siku moja tu ya safari ya pwani, kutoka mji wa Vlissingen, ambako reli huishia, kuelekea kaskazini hadi Ouddorp. Ni kama kilomita 70.

Kupotea si rahisi. Penye njia panda pana vibao vya namba. Msafiri huandika namba zake kwenye kikaratasi, hukibandika kwenye usukani, kisha huzifuata moja baada ya nyingine. Mpango huu aliubuni Hugo Bollen, mhandisi wa migodi huko Ubelgiji, ukaanza kutumika mwaka 1995. Mwanamke aliye peke yake halazimiki kusimama kila mara na kuuliza njia kwa mtu asiyemjua.

Baada ya saa moja hivi utafika Westkapelle. Mnara mkubwa wa taa unaoongoza meli hapo ni mnara wa kanisa la zamani. Kanisa lenyewe liliungua mwaka 1831. Mnara ukabaki, na taa yake inawaka mpaka leo.

Milima hakuna. Adui ni upepo, ambao mara nyingi huvuma kutoka kusini-magharibi. Ukielekea kaskazini unakusukuma mgongoni. Anayekwenda kinyume atajuta hasa juu ya Oosterscheldekering, ukuta wa kilomita 9 unaokatiza mlango wa bahari, mahali peupe kabisa. Wenyeji wameugeuza upepo huo kuwa mchezo: mwaka 2013 walianzisha mashindano ya kupambana nao juu ya ukuta huo kwa baiskeli za kawaida zisizo na gia, na hungoja dhoruba ndipo wayafanye!

Ukuta wenyewe si mchezo. Usiku wa kuamkia Jumapili, 1 Februari 1953, dhoruba ilikutana na bamvua. Matuta yalibomoka watu wakiwa wamelala, na katika Uholanzi peke yake walikufa watu 1,836. Ukuta huu, uliofunguliwa mwaka 1986, ni sehemu ya kazi kubwa iliyofanywa ili jambo hilo lisirudi. Kwanza walitaka kuziba kabisa, lakini wavuvi wa kome na chaza, pamoja na wengine waliojali viumbe wa bahari, walipinga. Basi ikajengwa milango 62 ya chuma kati ya nguzo 65. Siku zote huwa wazi, bahari ikipwa na kujaa. Hufungwa dhoruba kubwa inapokuja. Simama kidogo uyatazame maji yanavyopita kwa kasi kati ya nguzo.

Sasa habari za mwili, ambazo mimi muuguzi siwezi kuziruka. Wanawake wengi wakiwa safarini hupunguza kunywa maji ili wasihangaike kutafuta choo. Ni desturi mbaya. Huleta maumivu ya kichwa, na hurahisisha maambukizi ya njia ya mkojo. Upepo wa pwani nao hudanganya: hukausha jasho, usijue kwamba unapoteza maji. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Kwenye mikahawa ya ufukweni nunua chai, utumie choo bila aibu.

Usingoje njaa pia. Ini lina akiba yake ya sukari kwa ajili ya damu, na ikiisha mtu hutetemeka, hutoka jasho la baridi, na akili huchanganyikiwa. Ukiwa na mwenzi ataona. Ukiwa peke yako hakuna wa kukuambia. Kula kila nusu saa, kidogo tu: ndizi, tende, au mkate na jibini. Mwenye kisukari anayetumia insulini aongee na daktari wake kabla ya kukata tiketi.

Vidole viwili vya mwisho vikifa ganzi, ni mshipa wa fahamu wa kiganjani unaobanwa na usukani. Badilisha mshiko mara kwa mara. Kaptula yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani, maana mishono ya chupi ndiyo ichunayo ngozi.

Mbele kuna ukuta mwingine, Brouwersdam, uliokamilika mwaka 1971. Ukiuvuka hauko mbali na Ouddorp. Kuhusu malazi, kuna chama kiitwacho Vrienden op de Fiets, kilichoanza mwaka 1984. Wanachama wake hupata kitanda na kifungua kinywa katika nyumba za watu kwa bei nafuu iliyopangwa. Piga simu mapema, umwambie mwenyeji saa utakayofika. Hapo utakuwa na mtu mmoja anayejua kwamba uko njiani, na atakayeuliza ukichelewa.