Kununua Pikipiki Iliyotumika Katika Nchi ya Mto Tana

Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo mashine hizi zimeenea mpaka vijiji vya Wapokomo vilivyo ukingoni mwa Mto Tana na makao ya Waorma walio mbali na barabara. Nyingi hutoka India, kama Boxer na TVS. Lakini wako vijana wenye mishahara ambao hawaridhiki na hizo. Wanatamani pikipiki ya mbio, ile ambayo mpandaji huilalia kifua juu ya tangi, na kwa kuwa mpya ni ghali mno, hutafuta iliyokwisha kutumika.

Yafaa kwanza kujua mashine hiyo ni kitu gani. Yamaha R1, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1998, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 998 na nguvu za farasi zipatazo 150. Boxer kubwa ina nguvu kumi na mbili hivi. Katika lami ya kutoka Malindi kupitia Garsen hadi Lamu, pikipiki ya mbio itakwenda kwa raha. Ikitoka nje ya lami mambo hubadilika. Tumbo lake li karibu na ardhi, tairi zake hazikuchongwa kwa matope, na rejeta yake, iliyo nyuma tu ya gurudumu la mbele, huzibwa na ule udongo mweusi unaonata wakati wa mvua. Kwa karani anayekaa kando ya lami ni anasa tu. Kwa mkulima wa mpunga au maembe ni fedha iliyotupwa, maana haichukui hata gunia moja.

Iwe kubwa au ndogo, katika nchi hii hatari kuu ya pikipiki kuukuu ni mafuriko. Mto Tana ulifurika vibaya mwishoni mwa 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Mashine iliyolala majini huoshwa, hupigwa rangi, ikauzwa kama nzuri. Rangi haifiki kila mahali. Mnunuzi na atazame ndani ya tangi kwa tochi aone kama pana kutu. Afungue kifuniko cha mafuta ya injini, na akiyakuta meupe kama maziwa, maji yameingia. Matope makavu chini ya kiti na ndani ya taa hutoa ushahidi ambao muuzaji hawezi kuukana.

Kisha aiguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina moto, huenda muuzaji amekwisha kuipasha ili kuficha ugumu wake wa kuwaka. Moshi wa buluu maana yake injini inakula mafuta. Hesabu ya kilomita isiaminiwe peke yake: mipira ya kukanyagia iliyolika haipatani na mita inayosema kilomita elfu tano. Katika pikipiki ya mbio ni lazima kutafuta dalili za kuanguka, yaani ncha za vishikio zilizokwaruzwa, na usukani usiogeuka sawasawa pande zote mbili.

Jambo la karatasi ndilo huwaliza wengi. Pikipiki nyingi zilinunuliwa kwa mkopo, na maadamu jina la mkopeshaji limo katika hati ya umiliki, muuzaji hana uwezo wa kuihamisha peke yake. Namba za injini na za chesisi zilinganishwe na hati, tarakimu kwa tarakimu, na habari za mwenye mali zitafutwe katika daftari la NTSA kabla fedha haijatoka mfukoni. Sheria ya Kenya hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani zaidi ya siku 14 bila mwenye mali mpya kuandikishwa. Malipo yafanywe siku ile ile muuzaji anapokubali uhamisho, wala si wiki moja kabla, hata akiwa shemeji.