AFYA NYUMBANI: BADILISHA MPIRA WA JIKO LA GESI MAPEMA



Siku hizi jiko la gesi limefika mpaka kwetu Kimbiji. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza mkakati wake: ifikapo mwaka 2034, Watanzania 80 katika kila 100 watumie nishati safi ya kupikia. Ni jambo jema. Moshi wa kuni huumiza macho na mapafu.

Lakini jiko la gesi lina kifaa kinachochakaa. Kifaa hicho ni mpira unaopeleka gesi kutoka kwenye mtungi hadi kwenye jiko. Joto huukausha mpira. Panya huutafuna. Na huku pwani, hewa ya chumvi hushika kutu klipu za chuma zinazoubana.

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni na kujaa chini ya kitanda. Cheche moja huiwasha, na watu wakaungua.

Ukunje mpira kidogo kwa mkono. Ukiona nyufa, au ukiwa mgumu, ubadilishe. Usiuzibe kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Fanya hivi:

1. Zima moto wote ulio karibu. Funga gesi kwenye mtungi.
2. Fungua regulata, yaani kichwa kinachokaa juu ya mtungi. Peleka vyote nje penye upepo.
3. Legeza klipu kwa bisibisi. Vuta mpira wa zamani utoke.
4. Nunua mpira wa gesi, si wa maji. Nunua na klipu mpya mbili.
5. Sukuma mpira mpya mpaka mwisho, pande zote mbili. Kaza klipu.
6. Rudisha regulata. Fungua mtungi, lakini usiwashe jiko. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likivimba, gesi inavuja. Funga mtungi, ukaze tena. Usipime kwa kiberiti kamwe!

Kama povu linavimba kwenye mdomo wa mtungi, usiutengeneze mwenyewe. Urudishe kwa muuzaji.

Ukisikia harufu ya gesi ndani, usiwashe kiberiti. Usiwashe wala kuzima taa ya umeme. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watoto nje.

Mtu akiungua, mmwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno wala mafuta. Mfunike kwa kitambaa safi, umlete zahanati upesi.

Ndugu, bei ya mpira ni ndogo. Kidonda cha moto huchukua muda mrefu kupona, na kovu halifutiki.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini gesi hujaa chini ya kitanda?
2. Kwa nini tunapima kwa povu, si kwa kiberiti?
3. Mpira wa jiko lako una hali gani leo?