Kutafuta Visukuku: Miamba ya Arua na Konokono wa Kaiso

Mara kwa mara vijana wa Arua na Koboko hutuonyesha mawe yenye alama za duara, nao hutuuliza kama hayo si makombe ya bahari yaliyogeuka mawe. Swali hilo hutufurahisha, kwani ni dalili ya macho yanayoangalia. Hata hivyo, jibu letu halijabadilika. Miamba ya kale ya West Nile ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na viumbe wenye makombe walianza kuonekana duniani yapata miaka milioni 540 iliyopita. Alama zile ni kazi ya madini, joto na mvua.

Anayetamani amonaiti, yule mnyama wa bahari aliye jamaa ya pweza na ngisi, ambaye kombe lake lilijikunja mfano wa pembe ya kondoo dume, hana budi kuelekea pwani. Huko nyuma mwaka 1877, mtaalamu Beyrich wa Berlin aliandika habari za amonaiti waliookotwa karibu na Mombasa na msafiri Hildebrandt. Kusini mwa Tanzania, katika kilima cha Tendaguru karibu na Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, msimamizi mashuhuri wa wachimbaji akiwa Boheti bin Amrani. Mifupa ndiyo iliyopata sifa. Lakini katikati ya matabaka ya mifupa mlikuwa na matabaka ya bahari yenye makombe, na ni makombe hayo yaliyosaidia kujua umri wa mifupa. Kombe, basi, ni kalenda.

Kwetu sisi kalenda iliyo karibu zaidi ni ya maji baridi. Ukivuka Nile pale Pakwach na kushuka kusini hadi upande wa Hoima, utafika Kaiso, kando ya Ziwa Albert. Bwana E. J. Wayland, mkurugenzi wa kwanza wa Idara ya Jiolojia ya Uganda, alichapisha habari za matabaka ya huko mwaka 1926. Ndani yake mna mifupa ya viboko, tembo, mamba na samaki, pamoja na konokono wa ziwa la kale, wengine wakiwa na magamba manene yenye matuta na miiba, hata mgeni akadhani wametoka baharini. Wataalamu wa msafara ulioongozwa na Brigitte Senut na Martin Pickford walianza kazi nchini mwaka 1985, na taarifa zao za mwaka 1993 na 1994 zilipanga matabaka ya bonde hilo kwa kutumia konokono hao hao.

Njia ya kumpambanua konokono na amonaiti ni nyepesi. Kombe la amonaiti limegawanywa kwa kuta ndani, chumba baada ya chumba; gamba la konokono ni mfereji mmoja mtupu tangu mdomoni hadi nchani.

Kusafisha ndiko kunakohitaji subira. Udongo laini huondolewa kwa brashi na sindano, chini ya kioo cha kukuzia, punje kwa punje. Kisukuku kilichoshikwa na jiwe la chuma kisiguswe kwa siki: siki haiyeyushi chuma, lakini hula gamba lenyewe, ambalo ni chokaa. Na nyundo iwekwe mbali kabisa.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Tangu mafuta yalipogunduliwa katika eneo la Kaiso-Tonya mwaka 2006, barabara na mitambo vimefika mahali palipokuwa kimya. Mtu anayepita anaweza kuokota gamba, akalitia mfukoni na kulipeleka nyumbani likawe pambo la meza. Gamba hilo bado ni zuri, lakini tabaka lake limepotea, na tabaka likipotea umri nao umepotea. Hakuna mtaalamu atakayeweza kuurudisha.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 kuhusu makumbusho na mambo ya kale inadai kibali kwa anayetaka kuchimba. Kwa hiyo mpenda visukuku asichimbe. Apige picha kikiwa palepale, akiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Kisha aandike mahali. Chuo cha maofisa wanafunzi kilitufundisha kwamba nambari sita za ramani huonyesha mraba wa mita 100; kwa mlinzi zinatosha, kwa mtafuta visukuku ni chache, maana katika mita 100 za korongo matabaka yaweza kuwa mengi. Aongeze rangi ya udongo, kimo kutoka chini ya korongo, na tabaka lililo juu na lililo chini. Taarifa hiyo ipelekwe Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala, nayo nakala aibakize katika daftari lake, iliyoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huenea unapopata maji.