Mnara uliokimbia bahari



Naomba niwaambie neno wasomaji wenzangu wanaojaliwa safari ya Denmark.

Wengi wakifika pwani ya Løkken huishia kuogelea tu. Mimi mwenyeji wangu alinipeleka Rubjerg Knude, kaskazini kidogo ya mji huo, kwenye mnara wa taa wenye mita 23. Uliwashwa mwaka 1900, ukiwa mita 200 hivi kutoka baharini. Mchanga ukarundikana hata meli zikawa haziuoni mwanga, ukazimwa mwaka 1968. Bahari nayo ikazidi kulila genge. Mwaka 2019 mnara mzima, bila kubomolewa, ukapandishwa juu ya reli na kusogezwa mita 70 kuelekea bara! Kanisa la kale la Mårup, jirani yake, halikupata bahati hiyo. Lilianza kubomolewa mwaka 2008 lisije likaporomokea majini.

Nendeni mkaone, lakini wazazi, washikeni watoto mikono. Genge lile ni udongo na mchanga tu, na huanguka bila kubisha hodi. Mimi mtu mzima nilisogea ukingoni nichungulie, mwenyeji wangu akanivuta shati.