NETIWEKI IMEJAA: NANI APITE, NANI ANGOJE?



Huku Kafutuma, wilaya ya Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, watu huishi kwa samaki. Lakini fedha inayotumwa na ndugu zetu walioajiriwa mbali, viwandani na mashambani, siku hizi huja kwa simu. Siku ya mshahara inapofika, neno tunalolisikia mara kwa mara kwa waajiri ni hili: "Netiweki imejaa, ngojeni."

Mara nyingine neno hilo ni la kweli. Mara nyingine ni kisingizio. Mfanyakazi asiyejua jinsi netiweki inavyojaa hawezi kupambanua. Ndiyo maana tumeona inafaa tulieleze jambo hili kwa lugha ya kwetu.

PANTONI YA CHEMBE

Tuanze na lile tunalolijua. Kutoka Luapula kwenda miji ya Copperbelt kuna njia mbili. Ile fupi hupita Mansa na Chembe, hukata kipande cha nchi ya Kongo na kutokea Mokambo, karibu na Mufulira. Ile ndefu huzunguka kwa Samfya na Serenje. Kabla daraja la Chembe halijafunguliwa mwaka 2008, magari yalivuka Mto Luapula kwa pantoni. Barabara iliweza kuwa tupu huku na huku, lakini pantoni ndiyo iliyoamua mwendo wa safari nzima. Kuleta magari zaidi hakukuongeza mzigo uliovuka. Kuliongeza foleni tu.

Netiweki ya kompyuta ni vivyo hivyo. Ujumbe wowote, hata wa fedha, hukatwa vipande vidogo vidogo viitwavyo paketi. Njiani kuna mitambo inayopokea paketi na kuzipeleka mbele. Kila mtambo una ghala yake ndogo. Ghala ikijaa, paketi zinazofuata hutupwa. Mtumaji asipopata jibu, hutuma tena. Sasa fikirini: kila mtu akituma tena na tena, pantoni inajaa mizigo ile ile ya jana.

Jambo hili lilitokea Marekani mwezi Oktoba 1986. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwendo ambao hata mtu wa miguu huumaliza kwa dakika chache, netiweki ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Yaani ilibaki sehemu moja kati ya 800. Waya haukukatika. Watumaji ndio waliozibana njia wenyewe kwa wenyewe.

Mwaka 1988 Van Jacobson alichapisha dawa yake. Kila kompyuta iongeze mzigo wake kidogo kidogo. Ikiona paketi imepotea, ijue njia imejaa, ipunguze mzigo mara moja, kwa nusu. Kisha ianze tena kuongeza polepole. Hakuna polisi anayesimama njiani. Kila mmoja hujizuia ili wote wapite. Ndugu, huo ni mshikamano, ingawa unafanywa na mashine.

HAKI IKO WAPI?

Lakini kujizuia peke yake si haki. Kuna kasoro mbili.

Kwanza, mtu wa mbali huumia. Kompyuta huongeza mzigo kila ipatapo jibu. Aliye karibu hupata jibu upesi, huongeza upesi. Aliye mbali, jibu lake huchelewa. Wakikutana kwenye pantoni moja, wa karibu huchukua nafasi kubwa zaidi.

Pili, mwenye mikono mingi hula zaidi. Wazee wetu wanakumbuka foleni za unga za miaka ya 1980. Mtu mmoja aliweza kusimamisha watoto wake watano katika foleni, akaondoka na mafungu matano, na mjane aliyekuja peke yake akarudi na mfuko mtupu. Katika netiweki, programu inayofungua mifereji mitano kwa wakati mmoja hupata karibu mafungu matano pia, ingawa kila mfereji unafuata sheria.

NJIA ZIKIWA NYINGI

Shida hii ilikua pale kompyuta zilipoanza kutumia njia zaidi ya moja kwa pamoja, kwa mfano wifi na mnara wa simu. Njia nyingi ni jambo jema. Nchi yetu Zambia haina bahari. Intaneti yetu hupita kwa majirani hadi mikongo ya baharini, mashariki na magharibi. Machi 14, 2024 mikongo kadhaa ya Afrika Magharibi ilikatika karibu na Côte d'Ivoire, ukiwamo WACS unaofika Namibia. Mei 12, 2024 ikakatika EASSy na Seacom upande wa mashariki, na wenzetu wa Tanzania wakaona taabu kubwa. Anayetegemea njia moja, njia hiyo ikifa, naye hana lake.

Lakini mwenye njia mbili asije akala mara mbili. Mwaka 2011 wataalamu wa University College London, akina Damon Wischik, Costin Raiciu na Mark Handley, walionyesha kanuni ya kufuata. Njia zote za mtumaji mmoja zihesabiwe pamoja. Zikikutana kwenye pantoni moja, asichukue zaidi ya mtu wa njia moja. Tena, mwenye njia mbili asogeze mzigo wake kwenye ile yenye nafasi, aiache ile iliyojaa kwa yule asiye na nyingine. Ni sawa na kumwambia mwenye malori kumi: wewe unaweza kuzunguka kwa Serenje, mwachie pantoni mwenye baiskeli.

TUFANYE NINI?

Kwa upande wetu, netiweki ikikwama tusibonyeze mara kumi. Tunaongeza foleni ile ile inayotuzuia, na pengine kutuma fedha mara mbili.

Kwa upande wa mwajiri, tudai mambo matatu katika mapatano yetu. Kwanza, malipo yatumwe mapema na kwa mafungu, si yote jioni ya siku ya mwisho. Pili, mwakilishi wa wafanyakazi aonyeshwe saa ambayo amri ya malipo ilitumwa. Kompyuta huandika saa hiyo. Ikiwa mshahara ulitakiwa Ijumaa na amri imetoka Jumatatu, netiweki haina kosa. Tatu, iwepo njia ya pili ya kulipa, benki au fedha taslimu, na gharama yake isikatwe katika jasho la mfanyakazi.

Netiweki hujaa kweli. Lakini tangu 1988 mashine zimefundishwa kupishana. Mwajiri naye afundishwe.

Umoja ni nguvu!