Je, Wajua? Shaba Iliyomo Ndani ya Kiyoyozi

Je, wajua kwamba ubaridi wa viyoyozi vingi hupitia mabomba ya shaba, madini yaleyale yaliyoukuza mji wa Likasi nchini Kongo (DRC), nyumbani kwa kiwanda cha shaba cha Shituru kilichoanza kazi mwaka 1929?

Mabomba hayo hushikwa na mabati membamba ya alumini, yaliyopangana kama kurasa za kitabu. Vumbi la kiangazi cha Likasi, Mei hadi Septemba, hunata humo. Unyevu wa masika ukifika, vumbi hugeuka tope, kuvu huota, mrija wa kutolea maji huziba na ukuta hulowa.

Kuosha chujio pekee hakutoshi. Fundi huzima umeme, hufungua kava, hukinga mfuko wa nailoni chini ya kiyoyozi, hupuliza dawa ya kusafishia, kisha husukuma maji kwa pampu ndogo. Maji ya kwanza hutoka meusi ti!